Majina ya Kazi Yasiyo Rasmi katika Kiswahili: Mifano kutoka Mkoa wa Singida



Mada ya mhadhara huu ni maneno ambayo wasemaji wa Kiswahili huyatumia kutaja kazi ya mtu wanapokuwa nje ya ofisi na nje ya darasa: machinga, mama ntilie, mpiga debe, konda, utingo, bodaboda, deiwaka, na mengine ya jamii hiyo. Aghalabu maneno haya hutiwa katika fungu la misimu, yaani maneno ya kupita, yazukayo leo na kufifia kesho. Nia yangu ni kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo haistahili kuwekwa katika fungu hilo, na kwamba kuyaweka humo kuna athari kwa watu wanaoitwa kwa majina hayo.

Tuanze mbali kidogo. Katika Kiingereza, mhasibu ana jina lake rasmi, na pembeni yake lipo jina la utani linalomwita mhesabu maharage. Daktari wa upasuaji wa zamani aliitwa msumeno wa mifupa. Fundi wa magari ni nyani wa grisi. Daktari wa magonjwa ya akili ni msinyaza vichwa. Ukiyatazama majina hayo utaona kwamba yote ni ya pili. Jina rasmi lilitangulia, likaandikwa katika vyeti na mabango ya milangoni, kisha watu wakatunga jingine la kumshusha mwenye cheo au kumtania mwenye mikono michafu. Mhasibu hapungukiwi na kitu kwa kuitwa mhesabu maharage, maana akifika benki atajaza fomu kwa jina lake lile la kwanza.

Kiswahili nacho kina majina ya namna hiyo. Mwalimu huitwa ticha, askari polisi njagu, mwanajeshi mjeda, mwanafunzi denti. Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walipochapisha mwaka 2006, katika jarida la Swahili Forum, uchunguzi wao wa lugha ya mitaani nchini Tanzania pamoja na faharasa ya maneno zaidi ya 1,000, walitupatia hazina ambayo kila mwanafunzi wa somo hili hana budi kuipitia. Lakini jaribuni kutafuta jina rasmi ambalo mama ntilie alikuwa nalo kabla hajaitwa mama ntilie. Muuza chakula ni maelezo, wala si jina. Mpiga debe hakuwa na jina kabla ya hilo, wala deiwaka, wala bodaboda. Kazi zenyewe zilizaliwa mtaani, na mtaa ukazipa majina siku ya kuzaliwa kwake. Ofisi ilifika baadaye, ikakuta mtoto ameshaitwa, ikaanza kuhangaika kumbadilishia jina. Hapo ndipo tofauti kati yetu na Waingereza ilipo, na hapo ndipo wanafunzi wetu wanapopotea wanaponakili moja kwa moja nadharia ya misimu kutoka katika vitabu vya kigeni.

Nimechagua mifano ya Singida kwa sababu mkoa huo ni njiapanda. Barabara itokayo Dar es Salaam na Dodoma kwenda Mwanza hupita hapo; ile itokayo Arusha kwa njia ya Babati hukutana nayo mjini Singida; na Reli ya Kati hupita Manyoni na Itigi. Wenyeji wana Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu, Kigogo upande wa Manyoni, Kitaturu ambacho ni lugha ya Kiniloti, na Kihadzabe upande wa Ziwa Eyasi, lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Katika mahali pa namna hiyo Kiswahili ndicho lugha ya stendi, ya mnada na ya machimbo, na jina la kazi lisilo la Kiswahili halivuki mpaka wa kijiji.

Tena njiapanda hii si ya jana. Nyika iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambayo misafara ya karne ya 19 iliiita Mgunda Mkali kwa uchache wa maji yake, imo kwa sehemu kubwa katika eneo la Manyoni na Itigi ya leo. Misafara ile ilikuwa na majina yake ya kazi. Alikuwapo mpagazi, kutokana na kitenzi pagaa, kubeba begani. Alikuwapo kirangozi aliyetangulia mbele. Alikuwapo mnyapara, neno ambalo asili yake huhusishwa na lugha za Unyamwezi, aliyekuwa mkubwa wa wapagazi. Kirangozi amebaki vitabuni. Mpagazi amekuwa neno la kihistoria. Mnyapara yungali hai, ila ameteremka daraja: leo ni msimamizi wa vibarua, au mfungwa aliyepewa kuwaangalia wafungwa wenzake. Hakuna aliyeyatunga maneno hayo katika kamati. Yalitokana na njia na mzigo.

Kibarua ni mfano mzuri zaidi. Kwa umbo ni barua ndogo, yaani karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa kuwa ushahidi wa siku aliyofanya kazi. Karatasi ikawa kazi, na kazi ikawa mtu: twasema ana kibarua, na twasema yeye ni kibarua. Katika maana ya kazi, neno limezaa nahau: kibarua kikiota nyasi, mtu ameachishwa. Karatasi nyingine ya enzi ya ukoloni, kipande, ambayo mfanyakazi alitiliwa alama ya siku zake humo, haikufika mbali hivyo. Hakuna aliyeitwa kipande. Manamba je? Hao walikuwa wafanyakazi wa mikataba katika mashamba ya mkonge, waliochukuliwa kutoka mikoa ya mbali, Jimbo la Kati likiwamo, na jina lao linatokana na namba waliyopewa. Kwa mzee wa bara, kusema fulani alikwenda manamba kulikuwa kusema kwamba alitoweka nyumbani kwa miezi mingi na huenda asirudi. Lakini mpelekeni neno hilohilo Nairobi, nanyi mtaambiwa kwamba manamba ni kijana anayeita abiria wa matatu. Lugha ni moja na umbo ni moja, ila kazi ni mbili zisizojuana.

Sasa tuangalie namna majina haya yanavyoundwa, kwa kuwa muundo wake una siri kubwa kuliko msamiati.

Jina la kazi lisilo rasmi aghalabu huwa na kichwa na kijalizo, na vichwa vinavyotumika ni vichache mno. Kipo bwana: bwana shamba, bwana mifugo, bwana afya, bwana nyuki. Kipo mama: mama ntilie, mama mboga kule Kenya. Kipo fundi: fundi cherehani, fundi saa, fundi baiskeli. Na kipo mtu wa: mtu wa benki, mtu wa maji, mtu wa bima. Kila kichwa kimemweka mtu mahali pake kabla kazi yake haijatajwa. Bwana ni yule aliyetumwa na Serikali. Alikuja na pikipiki na daftari, na mkulima wa Ikungi alisimama alipomwona. Neno hilo ni la enzi ya ukoloni katika roho yake, ingawa cheo rasmi cha leo ni ofisa ugani. Mama ni yule aliyejituma mwenyewe. Yuko sokoni, ana moto na masufuria. Fundi hakutumwa wala hana ofisi, lakini anajua, na ujuzi wake ndio heshima yake. Hata mganga wa pepo katika pwani huitwa fundi. Mtu wa ni mjumbe wa taasisi ambaye jina lake halijulikani na wala halihitajiki. Yule anayezunguka vijijini na baiskeli yenye tenga nyuma, akikusanya kuku wa kienyeji ambao Singida inasifika kwao, huitwa mtu wa kuku kwa mantiki iyo hiyo: anafika, anapatana bei, anaondoka, wala hakuna anayeuliza kwao ni wapi.

Mfumo huu ulitikisika wanawake walipoanza kuajiriwa ugani. Je, aitwe nani? Bwana shamba haikukaa vizuri. Mama shamba haikushika, na nadhani sababu iko wazi: mama ni kichwa cha soko, kwa hiyo mama shamba angesikika kama mwanamke mwenye shamba lake. Watu wakachukua bibi, wakasema bibi shamba, bibi afya. Uamuzi huo haukutolewa na Baraza la Kiswahili la Taifa. Uliamuliwa vijijini, tena kwa usahihi wa kisarufi unaotushinda sisi wataalamu: bibi ndilo jozi la bwana, na jozi lilidumishwa.

Jambo la pili la muundo ni irabu ya mwisho. Majina rasmi ya watendaji hupenda viambishi vya -ji na -zi: mchimbaji, mwendeshaji, mfugaji, mlinzi. Majina ya mtaani hupenda kubakiza irabu -a ya kitenzi na kudai kijalizo: mpiga debe, msukuma mkokoteni, mchoma mkaa, mkaanga chipsi, mswaga ng'ombe. Mchimbaji aweza kusimama peke yake. Mpiga hawezi. Ukisema huyu ni mpiga, msikilizaji atakungoja umalize. Basi jina la mtaani haliruhusu kifaa kitengwe na mtu; debe, mkokoteni na ng'ombe lazima vitajwe, na mwenye jina atembee navyo.

Chukueni mrina asali. Katika vichaka vya Itigi na misitu ya Manyoni asali ni kazi ya kale, na anayeipanda mizinga usiku kwa moto na moshi ni mrina asali, kutokana na kitenzi rina ambacho hakina kazi nyingine ila hiyo. Lugha ya miradi humwita mfugaji nyuki. Wengi hudhani kwamba hilo la pili ni tafsiri ya heshima ya lile la kwanza. Sivyo. Mfugaji nyuki ana mizinga ya kisasa, anaikagua, amesajiliwa katika kikundi. Mrina asali ana magogo juu ya miti na anajua miti yenyewe. Mtu mmoja aweza kuwa wote wawili, lakini taarifa ikiandika wafugaji nyuki peke yao, wale wa magogo wametoka katika hesabu bila mtu yeyote kukusudia kuwatoa.

Bodaboda lina tatizo la ngeli, nalo linafurahisha. Asili yake ni mpaka wa Kenya na Uganda upande wa Busia, ambako waendesha baiskeli walivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, na wito wao wa Kiingereza ukageuka jina. Lilipofika kwetu na pikipiki, likawa jina la chombo na jina la mtu kwa pamoja. Bodaboda imeharibika, twasema, na hapo ni chombo. Bodaboda amegoma kuteremka bei, na hapo ni mtu. Upatanisho peke yake ndio unaotenganisha, na hakuna msemaji anayekosea. Daladala halikufanya hivyo. Hakuna aliyesema daladala amekula chakula. Kwa nini moja likubali na jingine likatae? Nadhani ni kwa sababu daladala lina watu wake wenye majina, dereva na konda, ilhali juu ya pikipiki yupo mmoja tu, na yeye na chombo huonekana kitu kimoja kwa anayesubiri kando ya barabara. Katika kamusi yafaa yawe maingizo mawili, moja la [i-/zi-] na moja la [a-/wa-].

Na maadamu tumemtaja konda: ni kondakta aliyekatwa mkia, na kwa bahati neno lililobaki ni kitenzi cha Kiswahili cha kupungua mwili. Mizaha iliyotokana na bahati hiyo mnaijua.

Nije sasa katika mambo mazito zaidi. Jina la mtaani mara nyingi hubeba ndani yake sharti la kazi, yaani nani anamlipa nani na kwa hesabu gani, jambo ambalo jina rasmi hulificha. Deiwaka ni maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya mfanyakazi wa siku, yaliyounganishwa na kuvikwa irabu zetu. Kwa maana ni dereva au konda ambaye hana gari lake la kudumu. Anakaa kituoni, na mwenye zamu akichoka au akienda msibani, humwachia safari mbili tatu na kumlipa kutoka mfukoni mwake. Tajiri mwenye gari huenda asijue kwamba gari lake limeendeshwa na mtu mwingine siku hiyo. Tazameni jinsi neno moja lilivyotaja uhusiano wa ajira ambao haumo katika karatasi yoyote. Ikitokea ajali, cheo cha dereva kitaandikwa dereva, na uhusiano wote huo utafutika.

Bodaboda nao wana msamiati wa namna hiyo. Yupo wa hesabu, ambaye kila jioni hupeleka kiasi kilichokubaliwa kwa mwenye pikipiki, na kinachobaki ni chake. Yupo wa mkataba, ambaye hupeleka kiasi kwa muda waliopatana, na muda ukiisha pikipiki inakuwa mali yake. Mtu akisema niko kwenye mkataba, mwenzake anaelewa papo hapo kwamba huyu anajinyima, anaendesha usiku, na hataki kusikia habari ya matengenezo makubwa. Neno mkataba hapa limeacha maana ya kisheria. Aghalabu ni mapatano ya mdomo au karatasi moja isiyo na shahidi, na wanapogombana katika mwezi wa kumi na moja wa mapatano ya mwaka mzima, yule kijana hugundua kwamba neno lilikuwa kubwa kuliko karatasi.

Katika machimbo ya dhahabu hali ni hiyo hiyo. Dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa wakati wa utawala wa Wajerumani, na hadi leo wachimbaji wadogo wako Iramba na kwingineko mkoani, mahali pamoja pakiwa pameitwa Londoni kwa matumaini ambayo hayahitaji ufafanuzi. Sheria inamjua mwenye leseni na mchimbaji mdogo. Machimbo yanamjua mwenye duara, yaani mwenye shimo. Yanamjua mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Yanawajua wanaoshuka chini, wanaopanga matimba ili udongo usiporomoke, na wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo juani. Mgawo wa mawe hufuata majina hayo, hufuati yale ya sheria. Asiyekuwa na jina katika orodha ile hana mfuko wa mawe siku ya kugawana.

Dalali ni neno la Kiarabu na la siku nyingi. Katika soko la vitunguu la Misuna, mjini Singida, ni yeye anayesimama kati ya mkulima na mwenye lori, na kwa mkulima ni jina la mtu ambaye huwezi kuuza bila yeye wala kufurahi naye. Lumbesa, ule ujazo wa gunia unaopita mdomo wake na kushonewa kofia juu, huamuliwa mbele yake. Neno hilohilo lina upande rasmi: dalali wa mahakama, anayeuza mali ya mdaiwa kwa amri ya mahakama. Sijui lugha nyingine iliyompa mkulima jina moja kwa watu wote wawili anaowahofia.

Lipo fungu la majina ambalo halipendezi, nalo ni lile la kabila kugeuzwa kazi. Machinga ni mfano unaojulikana zaidi. Vijana waliotoka Lindi na Mtwara kuja Dar es Salaam kuuza bidhaa kwa miguu waliitwa kwa jina la watu na mahali pa kusini, kisha jina likawaenea wachuuzi wote wa mkononi, hata wa Kinyiramba ambaye hajawahi kuiona bahari. Wapo wanaolipa neno hili asili ya Kiingereza, kwamba ni mtu anayepiga mwendo wa gwaride. Maelezo hayo ni matamu, lakini yana harufu ya kutungwa baada ya jambo; Machinga walikuwako Lindi kabla ya mchuuzi wa kwanza kufika Kariakoo. Kwa njia hiyohiyo Mangi, cheo cha mtawala wa Kichaga, kimekuwa mwenye duka la mtaani, na Mmasai amekuwa mlinzi wa lango. Singida tunaye Mmang'ati. Wataturu na ndugu zao Wabarbaig hawajiiti hivyo. Ni jina lililotokana na neno la Kimaasai lenye maana ya adui, nalo hutumika ovyo kwa mchungaji yeyote mwenye shuka na fimbo. Mchuuzi aliyeitwa Machinga alipata jina la kazi. Mchungaji aliyeitwa Mmang'ati amepewa tuhuma, na katika ugomvi wa mifugo na mashamba tuhuma hiyo hutangulia ushahidi. Mwanakamusi anayeliingiza neno hili bila kueleza ni nani analitumia kwa nani hajafanya kazi yake.

Tuone sasa ofisi ilivyojibu. Jibu la kwanza lilikuwa kubadilisha jina. Mama ntilie ni sauti ya mteja mwenye njaa, mama nitilie, iliyogandishwa ikawa jina. Baadhi waliona ni jina la kudhalilisha, wakaleta mama lishe, na wanaume walipoingia katika kazi hiyo wakapata baba lishe bila shida. Mama lishe ni neno safi, na wapo akina mama wanaolipenda; hilo ni haki yao, wala mtaalamu hana mamlaka ya kuwapinga. Ninachosema ni kwamba tusidanganyane kuhusu kilichopotea. Katika mama ntilie mteja ni mwombaji na mama ndiye mwenye upawa. Katika mama lishe mteja ametoweka, na mama amekuwa ofisa mdogo wa afya asiye na mshahara.

Jibu la pili ni kupandisha cheo kwa mzaha ambao umegeuka kuwa kweli nusu. Katika miaka ya karibuni waendesha bodaboda wameitwa maofisa usafirishaji, na viongozi wamelisema neno hilo majukwaani. Vijana hulipokea kwa kicheko. Ofisa ana mshahara, likizo na kiinua mgongo. Huyu ana kofia ngumu moja na abiria wawili.

Jibu la tatu ndilo linalonisumbua zaidi, nalo ni neno mjasiriamali. Kwa muundo halina kasoro: ujasiri na mali vimefungwa pamoja. Lakini limekuwa kapu. Desemba 2018 Rais John Magufuli alipoanza kugawa vitambulisho kwa ada ya shilingi 20,000, vilikuwa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, na humo waliingia muuza karanga, mama ntilie, fundi viatu na muuza mitumba. Fomu za vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zimejaa wajasiriamali. Neno hilo limewapa wengi heshima mbele ya ofisa mikopo, sikatai. Lakini wakati huohuo limeondoa kazi. Ofisa akisoma mjasiriamali mara 30 katika ukurasa mmoja hajui ni nani anahitaji jiko, nani anahitaji mtumbwi wa Ziwa Singidani, na nani anahitaji gunia za alizeti kabla ya msimu. Kenya walipita njia nyingine mwaka 2022, ambapo mama mboga na bodaboda walitajwa kwa majina yao katika kampeni za urais. Kama walifaidika na kutajwa huko ni swali la wanasiasa. Kwa mwanaisimu, majina yalipanda jukwaani bila kuvuliwa nguo zake.

Machinga nalo lilipita mlango huo kwa nguvu zake. Mwaka 2021 wachuuzi walipoondolewa kandokando ya barabara katika miji mingi, matangazo na malalamiko yote yalitumia neno hilo. Limekwisha kuwa neno la Serikali, nalo halikuomba ruhusa kwetu.

Nimalizie kwa swali ambalo linaonekana dogo: unafanya kazi gani? Muulizeni mwanamke wa Mkalama anayelima mtama, anayekamua alizeti kwa mashine ya jirani, anayeuza pombe ya kienyeji Jumamosi na mayai siku ya mnada. Atajibu, sina kazi, nalima tu. Neno tu limemeza kazi nne. Kwake, na kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, kazi ni ile yenye mwajiri na mwisho wa mwezi; mengine yote ni shughuli, mihangaiko, kubangaiza, kutafuta riziki. Kijana wa stendi naye ukimwuliza atasema, nahangaika tu mjini hapa. Hajakwepa swali. Amelijibu kwa usahihi, kwa kuwa jana alipiga debe, leo amekuwa deiwaka, kesho atapakia vitunguu.

Vigezo vya takwimu vya kimataifa humhesabu mtu kuwa amefanya kazi hata akiifanya kwa saa moja tu katika juma lililopita, kwa malipo au kwa faida. Lakini kigezo hicho husafiri katika maneno. Dodoso likitafsiriwa kwa neno kazi peke yake, yule mama wa Mkalama ataandikwa hana, na atakuwa ameandikwa hivyo kwa kauli yake mwenyewe. Likitumia unajishughulisha na nini, mengi yatatoka. Likiuliza jana ulifanya nini kuanzia asubuhi, yatatoka yote. Wenzetu wa takwimu wanalijua jambo hili kuliko wanavyotuambia, na ni sisi watu wa lugha tuliochelewa kuwapa orodha ya maneno yanayotumika wilaya kwa wilaya.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na toleo la pili mwaka 2004. Kazi ya kamusi zijazo, kwa maoni yangu, ni kuacha kuyapima majina haya kwa usafi na kuanza kuyapima kwa matumizi. Ingizo la mama ntilie liseme ni jina la kazi, litaje mama lishe pembeni yake, lieleze nani hupendelea lipi. Ingizo la deiwaka liseme nani humlipa. Ingizo la mrina asali lisielekezwe kwa mfugaji nyuki kana kwamba ni kitu kimoja.

Na kwa wanafunzi mtakaokwenda likizo Singida, Kiomboi, Itigi au penginepo, nina ombi la kikazi. Msiulize hii kazi inaitwaje, maana mtapewa jina la fomu. Kaeni sokoni mpaka mteja amwite mwenye kazi, mwandike alivyomwita; kisha mngoje mwenye kazi ajitaje mwenyewe kwa mwenzake, mwandike na hilo. Pale Misuna wapo wanawake wanaochambua vitunguu, wakitenga vilivyooza na vilivyo vizima kabla gunia halijashonwa. Wengine huwaita tu akina mama wa vitunguu, jina ambalo halimtofautishi mchambuaji na mwenye mali. Wao kwa wao wanaitanaje ni jambo ambalo ningependa mmoja wenu aje kutueleza.